Kutoka Sifa hadi Kejeli: Ukweli katika Nyimbo za Tanzania

Kizazi kilicholelewa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara, kinazikumbuka nyimbo za dansi zilizolisifu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na wengi waliziamini kwa moyo safi kwa sababu matumaini yaliyoimbwa yalikuwa yao wenyewe. Bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi za umma, kama NUTA Jazz iliyokuwa ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki aliyelipwa mshahara na taasisi hiyo, huku maneno ya wimbo wake yakikaguliwa kabla ya kurushwa hewani, hakuwa na nafasi ya kuimba kwamba dukani hakuna sukari. Uhaba ulipozidi baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, msikilizaji aliyepanga foleni tangu alfajiri alianza kuusikia wimbo na tumbo lake vikisema mambo mawili tofauti. Hata hivyo, kuwaita wanamuziki wale waongo ni kuwaonea, kwa kuwa baadhi yao walikimbilia fumbo, yaani usemi unaoificha maana ndani ya kisa cha mapenzi au cha jirani, wakamwachia msikilizaji kazi ya kuifumbua.

Redio binafsi zilipoingia, Radio One ikiwa hewani tangu 1994, vijana wa muziki wa kufokafoka walipata mlango mwingine. Mr. II, katika "Hali Halisi", alieleza ugumu wa maisha ya vijana bila kuuzungusha. Professor Jay alikwenda mbali zaidi katika "Ndiyo Mzee" wa mwaka 2001, kwa kutumia kejeli, yaani kusema kinyume cha kinachokusudiwa: anajivika nafsi ya mgombea anayemwaga ahadi, moja kubwa kuliko nyingine, hata ya kuwapeleka wanafunzi mwezini kwa masomo ya vitendo, na umati unaitikia kila moja kwa kukubali. Hapo ndipo ilipo nguvu ya wimbo huo, ambayo mashairi ya lawama ya moja kwa moja hayana, kwa maana hakuna sauti inayomwambia msikilizaji kwamba anadanganywa. Anaugundua uongo mwenyewe, na papo hapo anagundua kuwa sauti ya umati ule ni yake. Katika "Siyo Mzee", wimbo uliofuata, umati unakataa.

Waimbaji hao wawili baadaye walipanda wenyewe majukwaa ya kampeni: Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay, yaani Joseph Haule, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na wapiga kura walikuwa na haki ya kuzipima ahadi zao kwa kipimo kilekile walichokifundisha wao.