Reli iliyolala haijafa: kutazama treni Kitale na Bungoma

Kuna watu ambao honi ya treni ikilia kwa mbali huacha chai ikapoa, wakatoka nje kutazama. Si watoto peke yao. Wamo walimu, makarani, wanafunzi wa vyuo na wazee waliostaafu, ambao wanazijua namba za vichwa vya treni kama wengine wanavyojua majina ya wachezaji wa AFC Leopards. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu wa namna hiyo, na watoto wako likizoni, basi magharibi mwa Kenya kuna miji miwili inayostahili safari ya siku mbili au tatu: Kitale na Bungoma.

Miji hii ni majirani. Ukitoka Bungoma ukapitia Webuye, matatu itakufikisha Kitale kabla hujachoka kuketi. Lakini kwa mambo ya reli, miji hii ni kama mtu na shemeji yake: wanahusiana, ila hawalali nyumba moja. Kitale iko mwisho wa tawi. Bungoma iko kwenye njia kuu ya kwenda Uganda. Kwa sababu hiyo, mpenda treni akifika huku anakabiliwa na hatari mbili ambazo hazifanani, na ni vyema azijue kabla hajafunga mkoba.

Reli iliyofuata mahindi

Zamani, kabla reli haijapanda huku, mizigo ya Uasin Gishu iliteremshwa Londiani na kupakiwa kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe. Wakati wa mvua safari hiyo ilikuwa ni matope matupu hadi Eldoret, mji ambao wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba ulikojengwa. Njia mpya ya reli kutoka Nakuru ilipanda milima hadi karibu na Timboroa, mahali penye kimo cha mita 2,784 hivi juu ya bahari, kisha ikashuka Eldoret mwaka 1924. Iliendelea kuelekea magharibi, na mwaka 1931 treni zikaingia Kampala.

Tawi la Kitale huchepuka Leseru, kituo kilicho mbele kidogo ya Eldoret, na lina urefu wa kilomita 65 hivi. Lilifika Kitale mwaka 1926. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba mazao ya Trans Nzoia, hasa mahindi, na kuleta mbolea na vyombo vya shamba. Mwaka huo huo wa 1926, Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake katika eneo hili, na hayo ndiyo mzizi wa Makumbusho ya Kitale. Familia inaweza kuyatembelea asubuhi, kisha ikaenda kuona stesheni mchana.

Baadaye malori yaliinyang'anya reli mizigo yake. Kwa miaka mingi tawi hili lililala. Nyasi zikaota kati ya mataruma, ng'ombe wakalisha juu ya tuta, na reli ikageuka njia ya miguu. Kuna watoto waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa bila kuona treni ikipita mbele ya macho yao. Ndipo katika miaka ya 2020 Shirika la Reli la Kenya likaingiza tawi la Leseru na Kitale katika mpango wa kufufua njia za zamani.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kwanza, nayo ni kusahau. Reli iliyolala haijafa. Siku yoyote inaweza kupita treni ya kazi iliyobeba kokoto na mataruma, au kigari kidogo cha mafundi kinachokwenda kwa kasi bila kelele nyingi. Mama aliyezoea kuanika mahindi kando ya reli hana habari. Mwanafunzi aliyezoea kutembea katikati ya reli akisoma daftari lake hana habari pia. Hata mgeni aliyetoka Nairobi na kamera yake atadanganywa na zile nyasi. Reli yoyote ambayo haijang'olewa, ihesabu kuwa ina treni njiani.

Bungoma, njia ya Uganda

Bungoma mambo ni kinyume. Hapa treni za mizigo hupita kwenda na kurudi Malaba mpakani, zikiwa na makontena na bidhaa za Uganda na nchi za mbele yake. Hazina ratiba ya kubandikwa ukutani kama treni za abiria. Inaweza kupita moja alfajiri, nyingine usiku wa manane, na siku nyingine usione kitu hadi jua litue. Tena reli ni moja tu, kwa hiyo treni yaweza kutokea upande wowote.

Hatari ya huku ni kuzoea. Mtu akiishi na treni kila siku, humwona kama punda wa jirani. Anavuka akiwa na simu sikioni. Mwendesha bodaboda anapima kwa jicho na kusema, "Nitawahi."

Na jicho hudanganya. Kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja mbele yako huonekana kama kinatambaa, kumbe kinakimbia. Masikio nayo hudanganya. Treni inayopanda mlima hunguruma, lakini treni inayoelekea Bungoma kutoka Eldoret inashuka kutoka mita 2,100 hivi hadi mita 1,400 hivi. Mahali pa kushuka, injini haina haja ya kuvuta, nayo hunyamaza. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwake, husikii kitu mpaka iwe imekufikia.

Aidha, dereva hana usukani wa kukukwepa. Anachoweza ni kupiga honi na kufunga breki, na treni ndefu iliyojaa mizigo huenda kilomita nzima au zaidi kabla ya kusimama. Mwezi Agosti 2025 treni iligonga basi kwenye kivuko cha reli huko Naivasha, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Gari lako likizimika juu ya reli, usibaki ukipigapiga stata. Toa watu, mkae mbali, kisha mtafute msaada.

Kusoma namba

Lakini tusije tukawatisha watu wakaacha raha ya mambo haya. Mtoto anaweza kujifunza mengi kwa kutazama treni. Mathalan, namba ya kichwa cha treni husomeka kama jina na ukoo. Tarakimu mbili za kwanza ni ukoo, zinazofuata ni mtu mwenyewe. Namba inayoanza na 93 ni ya dizeli za General Electric kutoka Marekani, ambazo zilikuja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970. Zamani za moshi kulikuwa na ukoo wa 59, majitu ya chuma 34 yaliyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Uingereza na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mawili kati yake, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Kabla ya kusafiri kuja huku, mpeleke mtoto kule kwanza. Pale anaweza kugusa chuma bila hofu, kwa kuwa kimesimama.

Uingereza ndiko mchezo huu wa kuandika namba ulikopata nguvu. Mwaka 1942 kijana mmoja, Ian Allan, aliyekuwa karani wa kampuni ya reli ya Southern, alichapisha kijitabu cha namba za vichwa vya treni. Vijana wakakigombania. Punde si punde wakawa wanajazana kandokando ya reli, na mwaka 1944 kukazuka vurugu huko Tamworth, wengine wakakamatwa kwa kuingia relini. Allan hakusema ni utoto tu. Alianzisha chama, na kila mwanachama akatakiwa kuahidi kwamba hataingia mahali pasiporuhusiwa wala kuwasumbua wafanyakazi wa reli.

Ahadi hiyo bado ina kazi. Mwaka 2016 gari moshi maarufu la Flying Scotsman lilisimamishwa njiani katika safari yake ya kurejea, kwa sababu watu waliokuja kulipiga picha walikuwa wameingia relini. Na mwezi Juni 2024, huko Hidalgo nchini Mexico, mwanamke mmoja alipiga magoti karibu mno na reli ajipige picha huku gari moshi la kale likija nyuma yake. Lilimgonga, akafa papo hapo mbele ya watu waliokuja kufurahi. Wengi hawajui kwamba kichwa cha treni ni kipana kuliko reli zenyewe. Katika reli zetu za mita moja, kinazidi kwa karibu mita moja kila upande. Ukisimama nje ya reli si kwamba umesimama nje ya treni.

Adabu za kando ya reli

Kwanza, kaa mbali. Pima hatua 15 kubwa kutoka kwenye reli, na hapo ndipo mwisho wa miguu yako. Watoto washikwe mikono. Picha nzuri haitoki karibu, hutoka mahali palipoinuka, penye kona, ambapo treni nzima inaonekana na mlima Elgon uko nyuma yake.

Pili, piga hodi. Stesheni si uwanja wa maonyesho, ni mahali pa kazi. Mtafute stesheni masta au askari wa zamu, msalimie, mwambie unatoka wapi na unataka nini. Huku Bungoma neno "Mulembe" hufungua milango mingi. Akikubali, fuata alikokuonyesha. Akikataa, shukuru na uende zako. Mzee wa reli aliyeheshimiwa leo ndiye atakayekupigia hadithi kesho. Na ukiwa na ndege ya kamera, jua kwamba urushaji wake una sheria na unahitaji kibali.

Tatu, waheshimu wakazi. Mama anayeuza mboga kando ya reli hakuja kuwa pambo la picha yako. Omba ruhusa, na ikiwezekana nunua sukuma wiki.

Nne, usimulike macho ya dereva usiku kwa taa ya kamera. Mpungie mkono mchana, naye mara nyingi atakujibu kwa honi.

Tano, mchezo wa kuweka misumari relini ili isagwe iwe visu, na ule wa kurusha mawe, ukomeshwe nyumbani kabla haujakomeshwa na polisi. Kuingia relini bila ruhusa ni kosa, na shirika lina sheria yake, Sura ya 397. Wala usitembee juu ya daraja la reli, hata kama wenyeji wanapita. Juu ya mto hakuna pa kukimbilia.

Mwisho, behewa likianguka, kimbia uende mbali, usikimbilie. Januari 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka na watu wakajitosa kuchota. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 100. Mafuta hayajui kama yamemwagika kutoka kwenye lori au kwenye behewa.

Mzazi anayempeleka mwanawe kutazama treni anaweza kumfundisha mambo haya kwa mfano kuliko kwa maneno. Mkifika kwenye reli ya Kitale yenye nyasi, simameni, tazameni kushoto na kulia, sikilizeni, kisha mvuke mahali pa kuvukia. Wenyeji wanaweza kucheka. Mtoto wa hapo jirani anaweza pia kuona, na siku treni itakapopita hapo, akakumbuka kusimama.