Viumbe Katika Bakuli la Mnanaa

Katika nyumba yetu ya serikali hapa Entebbe, dirisha la jikoni ndilo shamba la mama watoto. Hapo amepanga makopo ya mrehani, pamoja na bakuli la kioo ambamo huotesha vipandikizi vya mnanaa. Jirani zetu, askari kwa raia, ni nadra kuondoka kwetu bila kunywa chai yenye majani hayo. Bomba lilipokauka kwa siku kadhaa, bakuli lile alilijaza maji ya ziwani.

Wakati huohuo mtoto wetu wa mwisho alishikwa na homa kali. Damu ilipopimwa, ikaonekana ni malaria. Niliporudi naye kutoka zahanati, niliingia jikoni kumkorogea uji, nikalitazama bakuli la mnanaa. Maji yale yalikuwa na uhai! Kati ya mizizi viluwiluwi vilikuwa vikijipindapinda, na vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi, vikirukaruka.

Nilimwita mama watoto kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. "Unafuga mbu ndani ya nyumba, kisha tunashangaa mtoto kuugua!" Hakujibu neno. Alilichukua bakuli kwenda kulimwaga, machozi yakimlengalenga.

Mlangoni alikutana na jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya bwana afya. "Ngoja kwanza, mama," alisema. Akachota maji kidogo kwa bilauri, akayainua penye mwanga, akaniita.

"Mwalimu, tazama. Viluwiluwi hivi vinaning'inia kichwa chini, vikipumua kwa mrija ulio mkiani. Viluwiluwi vya anofelesi, mbu aletaye malaria, havina mrija huo. Hulala sambamba na uso wa maji. Malaria ya mtoto haikutoka humu."

"Na hawa weupe, mzee?"

"Hao ni saiklopsi, wa jamaa ya kaa na kamba. Wana jicho moja tu. Wamekuja na maji ya ziwa, na baadhi yao hula hata viluwiluwi vichanga. Ila maji yao usinywe bila kuyachemsha. Zamani, kaskazini mwa nchi yetu, watu walimeza saiklopsi waliobeba mnyoo wa Guinea. Watu wakafundishwa kuchuja maji kwa kitambaa, hata mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Uganda imeondokana na mnyoo huo."

Nikauliza iwapo bakuli, basi, halina hatia. Mzee akatikisa kichwa. Mbu atokaye humo huenda akawa yule mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana, ambaye ukoo wake hueneza homa ya manjano na dengi. Ukoo huohuo hueneza virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na mji wetu huu. Penye joto, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi. Tena mayai yake hunata ukutani mwa chombo na kuvumilia ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sharti chombo kisuguliwe ndani kila juma, na visahani vilivyo chini ya makopo vijazwe mchanga.

Kisha mzee akaniuliza, "Chandarua cha mtoto kiko wapi?"

Nilinyamaza. Kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati tangu tulipohamia, kikingoja misumari niliyoahidi kuipigilia. Mama watoto alikuwa amenikumbusha mara tatu.

Jioni ile nilipigilia misumari minne. Kisha nikamwomba mke wangu radhi mbele ya watoto, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomlaumu. Mtoto alimaliza dawa, akapona. Mnanaa umehamishiwa kwenye kopo la udongo, na kila Jumamosi mimi ndiye nisuguaye bakuli la vipandikizi vipya.

Ndugu wasomaji, wengi wetu kazini tu wepesi wa kukagua na kutoa amri. Turudipo nyumbani, tukague kwanza wajibu wetu wenyewe, ndipo tukague bakuli la mwenzetu.