Kifuko Kando ya Koo la Hewa

Basi liliteremka kona za Soni kabla hakujapambazuka. Mama alikaa dirishani, kanga mdomoni, akikohoa. Mimi nilishika bahasha ya rufaa. Ndiyo kwanza nakwenda Dar es Salaam. Makohozi yalishapimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Ila CT scan ilionyesha doa upande wa kulia wa koo la hewa, na tangu siku hiyo mama hakutaja ugonjwa wake kwa jina.

Mombo, Segera, Chalinze: wachuuzi walipandisha machungwa na korosho madirishani, mama hakununua kitu. Mbezi tukashuka, tukagombea daladala hadi Muhimbili.

"Shikamoo mama," daktari alisema, akatugeuzia kompyuta. "Hiki cheusi ni hewa. Ni kifuko, si saratani."

Akatueleza kwamba mbele na ubavuni koo la hewa limeimarishwa kwa gegedu, lakini nyuma lina msuli laini tu. Mtu akikohoa miaka nenda rudi, ukuta hulegea na kutokeza, kama tyubu ya baiskeli inavyochungulia kwenye tairi lililochakaa. Kwa kawaida hutokea kulia, kwa sababu kushoto umio na mshipa mkuu wa damu huuegemeza. Wapo wanaozaliwa nacho. Chao huwa kidogo, chenye mdomo mwembamba, na wengi huishi bila kujua.

"Sasa unanipasua lini?"

"Sikupasui, mama. Kikohozi ndicho kilichozaa kifuko, na makohozi yakituama humo yanachochea kikohozi. Tutavunja mzunguko huo."

Akaandika dawa ya kulainisha makohozi, akatupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyemfundisha mama kuvuta pumzi ndefu na kuyatoa bila kujikamua. Antibiotiki ni pale tu maambukizi yakiingia. Kisu huwafaa wanaougua tena na tena, wanaoshindwa kumeza au wanaokauka sauti kwa kubanwa na kifuko.

Sharti moja alilirudia: siku yoyote mama akifanyiwa upasuaji mwingine, daktari wa usingizi aonyeshwe ripoti kwanza. Mpira wa kupumulia ukipotea njia ukaingia kifukoni, unaweza kuupasua ukuta wake.

"Na moshi wa kuni, mama, uuache."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Mtungi wa gesi ni juu yako."