Kati ya "Nimesimama" na "Vuka"

Katika miaka 34 niliyofundisha shule za msingi, lilikuwapo somo moja lisilo na mtihani wala cheti, nalo ni kuvuka barabara. Shule yetu ilikuwa kando ya lami, na kila Januari niliwapanga watoto wa darasa la kwanza ukingoni tukaimba pamoja: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Kisha niliongeza neno langu mwenyewe ambalo halikuwamo kitabuni: mtazame dereva usoni. Asipokutazama, usivuke.

Mwaka mmoja tulimzika mwanafunzi wa darasa la tatu. Dereva wa lori alikuwa amesimama vizuri kwenye kivuko, akampungia mkono apite. Mtoto akatii, kama watoto wetu wanavyowatii wakubwa. Daladala iliyokuwa nyuma ya lori haikusubiri. Ililipita lori upande wa pili. Yule dereva wa lori alilia msibani kama mzazi. Nia yake ilikuwa njema, lakini alitoa ahadi ambayo hakuwa na uwezo wa kuitimiza. Aliweza kujisemea yeye tu. Barabara nzima haikuwa mikononi mwake.

Jambo hilo lilinirudia mwaka 2024, nilipomtembelea binti yangu Phoenix, Marekani. Katika eneo lile teksi zisizo na dereva yeyote ndani zimekuwa zikibeba watu wa kawaida tangu Oktoba 2020. Siku moja nilikuwa kwenye kivuko, gari likaja, likapunguza mwendo, likasimama. Nikatafuta uso. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Nilibaki ukingoni mpaka mjukuu wangu aliponishika mkono. Bila shaka gari lilikuwa limeniona, maana lina kamera na vyombo vya kupimia umbali pande zote. Lakini kuonwa ni jambo moja, na kujua kwamba umeonwa ni jambo jingine.

Wahandisi wanalifahamu tatizo hili, na wamejaribu dawa nyingi. Mwaka 2015 Mercedes-Benz walionyesha gari la majaribio, F 015, lililoweza kuchora kwa mwanga mistari ya kivuko juu ya lami, kumkaribisha mtu apite. Mwaka 2017 Ford na watafiti wa Virginia Tech walimvika dereva vazi linalofanana na kiti ili gari lionekane tupu, wakafunga taa nyeupe juu ya kioo cha mbele. Taa zikienda huku na huku, gari linasimama kupisha. Zikimetameta upesi, linakaribia kuondoka. Mwaka 2018 huko Frisco, Texas, magari ya Drive.ai yalikuwa na skrini za maandishi zilizomwambia mtu kuwa gari linamsubiri avuke.

Mwalimu wa lugha hukumbuka hapa tofauti ya kuarifu na kuamrisha. "Nimesimama" ni habari. "Vuka" ni amri. Taa za Ford zilitoa habari. Mistari ile ya mwanga ilikaribia kuwa amri. Anayearifu hujibu kwa ajili ya nafsi yake, na anayeamrisha hana budi kujibu kwa ajili ya barabara nzima.

Mtu atasema kuwa gari lile, tofauti na dereva wetu wa lori, huona hata yanayokuja nyuma yake. Mara nyingi ni kweli. Lakini si daima: Machi 2018, katika mji wa Tempe ulio jirani na Phoenix, gari la majaribio lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi walikuta kwamba kompyuta ilikuwa imemwona, ila ikawa inabadili jina lake: mara gari, mara baiskeli, mara kitu kisichojulikana. Na hata macho yakiwa makali kiasi gani, kuona si kuzuia. Ile daladala, hata ingeonwa, nani angeisimamisha?

Siku magari haya yatakapoingia katika barabara zetu yatakutana na bodaboda zinazopenya kila upenyo, na watoto ambao bado hawajajua kusoma. Kwa ajili ya hao ningewaomba watengenezaji wakubaliane ishara moja iliyo rahisi, ya nuru na ya sauti pia ili asiyeona asiachwe nyuma, na ishara hiyo iseme habari za gari lenyewe tu. Uamuzi wa kuvuka ubaki kwa anayevuka, kwa kuwa uhai unaowekwa rehani pale ni wake. Adabu ya kweli ya mwenye nguvu ni kusimama, kusema wazi kwamba amesimama, kisha kungoja.