Usiku Mweupe wa Reykjavik

Mwezi wa Juni, Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, haujui giza. Jua huzama karibu na usiku wa manane na kuchomoza tena baada ya saa chache. Ramadhani ilipoangukia majira hayo, Waislamu wachache wa huko walifunga zaidi ya saa 20. Tulipopita kando ya Tjörnin, ziwa dogo la katikati ya mji, mwanga ulikuwa kama wa alasiri, ila watoto hawakuonekana. Walikuwa majumbani.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa umri wa miaka 15 na 16 nchini humo, 42 walikiri kulewa ndani ya mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 walikuwa 5 tu.

Nini kilibadilika? Sheria iliwakataza wenye miaka 13 hadi 16 kuwa nje bila mtu mzima baada ya saa nne za usiku, na wakati wa kiangazi baada ya saa sita. Wazazi walipokezana doria mitaani. Manispaa nayo ilitoa ruzuku ili kila mtoto apate michezo, muziki au sanaa. Kwa hiyo, kijana aliyezuiwa njia moja alifunguliwa nyingine.

Miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alitenganisha malezi ya ukali, ya ulegevu, na yale yanayounganisha upendo na mipaka. Hayo ya mwisho aliyaona bora. Hata hivyo, tafiti za Hispania zimeonesha kuwa vijana wa wazazi wenye upendo mwingi na amri chache hustawi sawa na wenzao, pengine kuwazidi. Kwa mtazamo wetu, basi, ulegevu unaoangamiza si uchache wa amri, bali ni mzazi kutokuwapo.

Hapo ndipo tunapojiuliza kuhusu mitaa yetu. Zamani mzee yeyote aliweza kumrudisha nyumbani mtoto wa jirani, na mama akashukuru. Leo huyo mzee huambiwa, “Mwanangu hakuhusu,” naye akanyamaza, huku mtoto akibaki kibarazani na simu hadi usiku mkubwa. Watu wa mbali wamejenga kwa sheria na ruzuku kile tulichorithi bure, nasi tunakiacha kibomoke.

Mkono mmoja haulei mwana. Wazazi wenzetu, baada ya Isha tusiharakie kufunga milango; kwanza tuulizane, watoto wetu wako wapi?