Kati ya "Labda" na "Hatimaye": Neno "Eventually" kwa Mwanafunzi Mwitaliano

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomponza mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiitaliano, ni machache yenye sura ya kirafiki kama kielezi "eventually". Neno hili halimtishi kwa tahajia wala kwa ugeni wa umbo. Anapokutana nalo kwa mara ya kwanza haoni haja ya kufungua kamusi, kwa kuwa nyumbani kwao kuna neno "eventualmente", ambalo amelisikia tangu utotoni katika mazungumzo ya wazazi, katika barua za benki na katika matangazo ya shule. Hulichukua basi neno la Kiingereza kwa imani ile ile aliyo nayo kwa neno la kwao. Hapo ndipo anaponaswa.

"Eventualmente" ya Kiitaliano hutumika kwa jambo ambalo huenda likatokea au lisitokee, kutegemea hali itakavyokuwa. "Eventually" ya Kiingereza hutumika kwa jambo ambalo limetokea au litatokea, ijapokuwa baada ya muda, mashaka au vikwazo. Neno la kwanza linauliza kama jambo litakuwapo. Neno la pili limekwisha kubali kwamba jambo lipo, na linaacha wazi suala la lini tu.

Mwaka 1928 Wafaransa wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, waliyaita maneno ya namna hii marafiki wa uongo, na jina hilo limeenea hadi katika Kiitaliano, ambako huitwa "falsi amici". Wahenga wa Kiswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Neno geni kabisa humfanya mwanafunzi awe na hadhari. Neno linalofanana na la kwao humwondolea hadhari hiyo. Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba kosa la "eventually" si upungufu wa msamiati tu. Ni kosa linalogusa ahadi, na kwa hiyo linagusa uaminifu wa mtu mbele ya mwenzake.

2.0 Shina moja, njia mbili

Maneno yote mawili yametokana na kitenzi cha Kilatini "evenire", chenye maana ya kutokea, ambacho kimeundwa kwa kiambishi cha kutoka nje na kitenzi cha kuja. Kutokana nacho lilipatikana jina "eventus", yaani tokeo. Tokeo lina nyuso mbili. Likitazamwa kabla halijawa, ni jambo linaloweza kuwa au lisiwe. Likitazamwa baada ya kuwa, ni mwisho wa mfululizo wa mambo. Kiitaliano kimeshika uso wa kwanza, na hakiko peke yake: Kifaransa kina "éventuellement" na Kijerumani kina "eventuell", na yote mawili hudokeza uwezekano tu. Kiingereza ndicho kilichojitenga na jamaa zake.

Hata Kiingereza hakikuanza kwa kujitenga. Kivumishi "eventual" kiliwahi kutumika katika lugha hiyo kwa jambo linalotegemea sharti fulani, maana ambayo kamusi za leo huiwekea alama ya ukale. Mwanafunzi Mwitaliano anapokosea, basi, hazushi maana isiyokuwapo. Anaitumia maana ambayo wenye lugha waliiacha njiani. Jambo hili lafaa kukumbukwa na mwalimu ambaye kalamu yake nyekundu huwa nyepesi.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu zaidi wa safari kama hiyo, nao ni neno "labda". Asili yake huhusishwa na tamko la Kiarabu "la budda", lenye maana kwamba hakuna njia ya kuepuka, kwamba jambo ni la lazima. Shina lilo hilo limehifadhi ukali wake katika "sina budi" na "hapana budi". Lakini "labda", ambayo katika baadhi ya maandishi husomwa "labuda", imetoka katika ulazima ikatua katika shaka. Mwarabu anayejifunza Kiswahili akiambiwa "labda nitakuja", ana sababu ya kuandaa chakula; Mswahili aliyetamka maneno hayo hajajifunga kwa lolote. Kiingereza kimesafiri upande wa pili: "eventually" imetoka katika uwezekano ikaelekea kwenye uhakika. Safari hizi mbili zinaonyesha kwamba mpaka kati ya liwezekanalo na lisiloepukika si ukuta. Kila lugha huuvuka mahali pake, na kwa wakati wake.

3.0 Mahali kosa linapojificha

Nadharia ya ulinganishi wa lugha, iliyopata nguvu kwa kitabu cha Robert Lado cha mwaka 1957, ilifundisha kwamba ugumu wa kujifunza hutabirika kutokana na tofauti kati ya lugha mbili. Miaka kumi baadaye, S. Pit Corder aliwashauri walimu watazame makosa ya mwanafunzi kama ushahidi wa kanuni anayojijengea, si kama takataka za kufagiwa. Mitazamo yote miwili inasaidia hapa, kwa sababu kosa la "eventually" halitokei kila mahali. Lina makazi yake.

Katika wakati uliopita maneno haya mawili hayagombani sana. Kiingereza husema "She eventually found a job", yaani hatimaye alipata kazi baada ya kutafuta. Kiitaliano hakiwezi kutumia "eventualmente" kwa tukio lililokwisha thibiti. Kitasema "alla fine". Mwanafunzi anayetunga sentensi ya aina hii hutafuta neno jingine, na kwa kawaida hupona. Hatari iko anaposoma: hukutana na "eventually" pasipo nafasi kwa shaka, na kama ni msomaji makini, hapo ndipo anapotambua kwamba rafiki yake si yule aliyemdhania.

Katika wakati ujao hali ni tofauti kabisa. Mwitaliano anayekusudia kusema kwamba ikilazimu atalipa nyongeza ya kodi ya chumba huandika "I will eventually pay the difference". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Mwenye nyumba Mwingereza ataisoma kama ahadi ya kulipa, tena ahadi yenye dokezo la kuchelewa. Mmoja ametoa neno la hiari, mwenziwe amepokea deni. Waswahili husema ahadi ni deni. Katika barua hii deni limezaliwa bila ya mdaiwa kujua.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Daktari anapomwandikia mgonjwa kwa Kiingereza kwamba "you will eventually need surgery", amemwambia kuwa upasuaji hauepukiki, ila si leo. Mgonjwa Mwitaliano anayesoma kwa masikio ya kwao huelewa kwamba upasuaji ni jambo la endapo, la kuzungumzwa iwapo mambo yatakuwa mabaya. Anaweza kurudi nyumbani na faraja ambayo daktari hakumpa. Kosa la namna hii halionekani katika mtihani kwa kuwa hakuna neno lililoandikwa vibaya. Huonekana baadaye, katika maisha.

Makazi ya tatu ya kosa ni kivumishi. Mikataba ya Kiitaliano imejaa maneno kama "eventuali danni", yaani madhara yoyote yatakayotokea, iwapo yatatokea. Mfasiri mchanga huandika "eventual damages", na papo hapo madhara yaliyokuwa ya kudhaniwa tu huwa ni matokeo ya mwisho yanayosubiriwa. Kiingereza hapa hakihitaji kivumishi kizito. Neno dogo "any" latosha. Vivyo hivyo ajenda ya mkutano wa Kiitaliano humalizikia kwa "varie ed eventuali". Kwa Kiingereza kipengele hicho ni "any other business", na katibu yeyote wa mkutano wa Kiswahili angekiandika kwa neno moja: mengineyo. Mfano huu mdogo una funzo. Mfasiri aliyebobea hatafuti neno linalofanana na neno. Hutafuta kile ambacho watu wa lugha ya pili huandika mahali pale pale.

4.0 Neno katika sheria

Inaweza kudhaniwa kwamba suala hili ni la darasani tu. Katika Umoja wa Ulaya si hivyo. Kiitaliano ni mojawapo ya lugha nne zilizotajwa rasmi na kanuni ya kwanza ya Jumuiya mwaka 1958. Kiingereza kiliingia mwaka 1973, baada ya Uingereza na Ireland kujiunga. Mwaka 1982, katika shauri la CILFIT lililopelekwa na mahakama ya juu ya rufani ya Italia, Mahakama ya Haki ya Jumuiya ilieleza kwamba matini za sheria katika lugha zote rasmi zina uhalali ulio sawa, na kwamba kuzifasiri kunahitaji kulinganisha matini hizo. Maana yake ni kwamba matini ya Kiitaliano si kivuli cha ile ya Kiingereza, wala ya Kiingereza si kivuli cha ile ya Kiitaliano. Neno likimaanisha "ikitokea" upande mmoja na "mwishowe" upande mwingine, hakuna asili ya kukimbilia.

Si ajabu kwamba Jeremy Gardner, mfasiri katika Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, aliliingiza neno hili katika orodha yake ya maneno ya Kiingereza yanayotumiwa visivyo katika machapisho ya Umoja huo, ambayo toleo lake moja lilitoka mwaka 2016. Uingereza imeondoka katika Umoja mwaka 2020, na Kiingereza kimebaki. Kinaandikwa sasa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakuzaliwa nacho, wengi wao wakitoka katika lugha ambazo neno hili lina maana ya uwezekano. Yawezekana siku moja maana hiyo ikaota mizizi katika Kiingereza cha ofisi za huko, kama "labda" ilivyoota mizizi katika Kiswahili. Lakini mwanafunzi hawezi kuandika leo kwa kutegemea mabadiliko ambayo hayajatokea.

5.0 Kiswahili kama kipimo

Suala hili lina njia ya kukifikia Kiswahili chenyewe. Wapo Waitaliano wanaojifunza Kiswahili, hasa katika Chuo Kikuu cha Napoli "L'Orientale", ambako Elena Bertoncini Zúbková alifundisha na kuandika kuhusu fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa namna hiyo mara nyingi hupitia Kiingereza anapotafuta neno. Akianza na "eventualmente", akavuka kwa "eventually", daraja hilo litamfikisha kwenye "hatimaye". Ataandika: "Hatimaye nitakuja Jumatatu", hali alikusudia: "Ikiwezekana nitakuja Jumatatu". Mwenyeji wake atamngoja. Kosa lililoanzia kati ya lugha mbili limehamia katika ya tatu, ambayo haikuwa na hatia.

Hata hivyo Kiswahili chaweza kuwa tiba. Katika Kiitaliano kielezi hubeba mzigo peke yake, na kitenzi chaweza kubaki vile vile kiwe na shaka au kisiwe nayo. Katika Kiswahili kitenzi nacho hushiriki: "atakuja", "huenda akaja", "akija", "ikibidi aje". Msemaji halazimiki kuwa na uhakika, lakini ni vigumu aufiche ukosefu wake wa uhakika. Kipimo rahisi ni kuongeza kinyume chake. "Huenda akaja, huenda asije" ni kauli timamu. "Hatimaye atakuja, hatimaye hatakuja" inajivunja yenyewe. Mwanafunzi anayejua Kiswahili akiipitisha sentensi yake ya Kiingereza katika kipimo hiki, atajua mara moja kama "eventually" ndilo neno analolihitaji au anahitaji "possibly" au "if necessary".

Ni lazima ionywe, hata hivyo, kwamba "hatimaye" nayo si pacha wa "eventually". Mtu akisema "Hatimaye basi limefika!", pana pumzi ya faraja ambayo Kiingereza huieleza kwa "at last". "Eventually" haina furaha wala huzuni. Inahesabu muda tu. Mahali pengine "mwishowe" au "baadaye sana" itafaa zaidi.

6.0 Hitimisho

Mwalimu wa Kiingereza kwa Waitaliano hafaidi sana kwa kutoa orodha ndefu ya marafiki wa uongo ikaririwe. Lililo bora ni kuanza na sentensi za wakati uliopita, ambamo "eventually" haiwezi kueleweka kama shaka, kisha kumpeleka mwanafunzi pole pole katika wakati ujao, na huko kumwuliza kila mara: je, unazungumzia kama, au unazungumzia lini? Baada ya hapo ndipo viletwe vivumishi vya mikataba na ajenda. Kwa mfuatano huo mwanafunzi hujifunza neno, na pamoja nalo hujifunza kupima uzito wa kile anachomwahidi mtu wa lugha nyingine. Katika idara za Kiswahili ambako wageni hufika wakiwa wamepitia Kiingereza, inafaa mwalimu anayesoma "hatimaye" iliyokaa vibaya asiifute tu. Amwulize kwanza mwanafunzi kwao huwa wanasemaje.