Mcheza Kwao Hutuzwa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za safari yangu ya Dar es Salaam, nilikokwenda mwaka jana kucheza sataranji. Najua wasomaji wengi wangependa kusikia habari za bahari, magari na majumba marefu. Hayo nitayapita upesi, maana liko jambo jingine lililonikaa moyoni, nalo si la kunipa sifa.

Kwanza niwaeleze wazazi wasioujua mchezo huu. Sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye nyumba 64. Kila mmoja ana kete 16, na kazi yake ni kumzingira mfalme wa mwenziwe hata asiwe na pa kwenda. Mchezo ulianza Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu, na jina tunalolitumia lilipita njia hiyo hiyo. Wazee wetu wa Tabora wamezoea zaidi bao, lakini mwenye kujua bao haoni taabu kujifunza sataranji, kwa kuwa yote miwili hutaka mtu afikiri kabla mkono haujagusa kete.

Chama chetu shuleni kina ubao mmoja mzuri, na mbao mbili tulizochora wenyewe juu ya makatoni. Kete za makatoni hayo ni vizibo vya soda. Mwalimu wetu hutufundisha kila Jumamosi baada ya usafi.

Mwaka jana ilikuja barua ya kutualika katika mashindano ya vijana kutoka pande zote za nchi. Nauli iliyopatikana ilitosha mwanafunzi mmoja tu pamoja na mwalimu. Basi ikaamriwa tushindane wenyewe kwa wenyewe, na atakayeshinda ndiye aende. Mashindano hayo yakawekwa juma la kwanza baada ya likizo ya mwezi wa Juni. Tulibaki wawili: mimi, na mwenzangu mmoja ambaye kwao ni kijijini, wilaya ya Sikonge. Nikamshinda.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Muhula uliotangulia, mwenzangu huyo alikuwa akinishinda mara tatu katika kila michezo minne. Lakini mimi kwetu ni mjini. Nyumba yetu haiko mbali na shule, na likizo nzima nilikuwa nikiazima ule ubao mzuri na kucheza na kaka yangu kila jioni. Yeye alikwenda kwao akachambua tumbaku ya baba yake tangu asubuhi hata jua kuchwa, wala hakuona ubao kwa mwezi mzima. Aliporudi tuliketi mezani siku ya tatu tu. Wote walinipigia makofi, nami niliyapokea kama mtu aliyeshinda kwa akili zake peke yake.

Tuliondoka Tabora kwa basi alfajiri. Baada ya kupita Itigi basi likaharibika, tukakaa njiani saa nyingi. Tuliingia Dar es Salaam saa nane za usiku, na duru ya kwanza ilikuwa saa tatu asubuhi. Niliketi mbele ya kijana wa mjini ambaye alikuwa amelala nyumbani kwao, akanywa chai kwa mama yake. Juu ya meza palikuwa na saa ya mchezo yenye nyuso mbili, na kila mtu akimaliza kucheza huigonga ili dakika za mwenziwe zianze kwenda. Sikuwa nimeigusa saa kama ile maisha yangu yote. Mara mbili nikasahau kuigonga. Dakika zangu zikaisha nami nina kete nyingi kuliko yeye, nikahesabiwa nimeshindwa.

Sikuonewa. Kanuni zilikuwa moja kwa wote, na kijana yule alikuwa na adabu njema. Katika duru sita nilishinda mbili. Lakini nilipokaa nje kwenye kivuli nikaanza kunung'unika moyoni: hawa wana vyama vyao, wana saa, wana watu wa kucheza nao kila siku, nasi tumesafiri zaidi ya kilomita 800 kuja kupimwa nao kwa kipimo kimoja. Hii ni haki gani? Ndipo nikamkumbuka mwenzangu wa Sikonge. Manung'uniko yangu yote, neno kwa neno, yeye angeweza kuniambia mimi. Niliona haya peke yangu.

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana jambo hili. Wako wasemao, "Mashindano ya taifa ni ya mabingwa, aliye hodari na apite, wa mikoani wakizidi kiwango kitashuka." Neno hili lina ukweli nusu. Bingwa lazima apatikane mezani, wala mtu asipewe ushindi kwa sababu ametoka mbali. Lakini kumpa mtu ushindi ni jambo moja, na kumpa njia ya kufikia meza ni jambo jingine. Ikiwa wachezaji wote wametoka mji mmoja, aliyeshinda ni bingwa wa mji huo, hata akiitwa bingwa wa nchi.

Mchezo wenyewe umekwisha kutuonyesha dawa. Tangu mwaka 1895, huko Zurich, ulianza kutumika utaratibu ambao mtu akishindwa harudishwi nyumbani, bali duru inayofuata hukutanishwa na aliyelingana naye kwa pointi. Kwa hiyo dhaifu hamzuii hodari, na kila mmoja hujifunza. Tena Shirikisho la Sataranji Duniani, lililoundwa Paris mwaka 1924, halisemi kwamba mataifa yenye nguvu tu ndiyo yaje katika Olimpiadi yake. Kila nchi mwanachama yaweza kupeleka timu. Kwa mlango huo binti Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, alifika Khanty-Mansiysk nchini Urusi mwaka 2010 kuiwakilisha Uganda. Mwaka 2012, kule Istanbul, akajipatia cheo katika mchezo huo. Kama mlango ungefungwa, nani angalijua kwamba yuko?

Hapa kwetu mfano tunao. Michezo ya UMISSETA huanzia shuleni, ikapanda wilayani, kisha mkoani, ndipo ikafika taifa, na kila mkoa una nafasi yake. Tena haikai mahali pamoja siku zote. Mwaka 2019 ilifanyika Mtwara, na mwaka 2022 ilikuja hapa hapa Tabora. Sataranji nayo ingefaa iende vivyo hivyo: mkoa uchague wake, nauli ichangwe kwa wote ili wa mbali asilipe kuliko wa karibu, na mara moja moja wa pwani nao wapande basi kuja kwetu. Njia hii si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikishuka pwani na meno ya tembo, na baadaye misafara ya pwani ikapanda hata Unyanyembe, mwendo wa miezi kama mitatu. Watu walikwenda na kurudi. Miembe ya njia ile twaketi chini yake hata leo.

Lakini kabla ya kuwaambia watu wa Dar es Salaam, nalikuwa na deni nyumbani. Niliporudi nilisimama mbele ya chama chetu nikasema yote. Mwenzangu alicheka tu, akasema, "Ndugu, hebu nionyeshe jinsi ulivyoshindwa." Tukacheza jioni nzima, akanishinda mara tatu. Mwalimu akakubali mambo mawili: ubao mmoja wa katoni uende likizo na mwanafunzi wa mbali, na mchuano wetu usifanywe tena kabla shule haijafunguliwa majuma matatu. Mambo hayo hayakugharimu hata shilingi.

Watu husema mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli, wala si dhambi kutuzwa kwenu. Lakini atuzwaye na aangalie nani hakupata nafasi ya kucheza. Mwaka huu tumechuana tena, na mwenzangu wa Sikonge amepata tiketi. Nimemfundisha kuigonga saa, kwa kutumia kopo la maziwa lililopinduliwa juu ya meza. Wasomaji, mwombeeni safari njema, na basi lisiharibike.